Fimbo ya Watu wa Wika: Asili Yake na Namna ya Kuichonga

Lugha yetu haikosi majina ya fimbo. Iko bakora ya kutembelea, uko mkongojo wa aliyeishiwa nguvu, liko gongo la mlinzi, na kila jina laonyesha kazi yake. Lakini fimbo tunayotaka kuieleza hapa haina jina kwetu, nayo ni ile wajichongeayo kwa ibada wafuasi wa dini iliyozuka Uingereza, iitwayo Wika. Jina la watu wenyewe ni gumu zaidi. Kwa Kiingereza hujiita kwa neno ambalo kamusi zetu hulifasiri kuwa “mchawi,” na tafsiri hiyo yapotosha. Mchawi kwa Mswahili ni mwenye kudhuru watu kwa siri, wala hapana ajitajaye hivyo. Hawa hujitaja hadharani, na ibada zao ni za mwezi mpevu na majira ya mwaka. Basi tutawaita watu wa Wika, ingawa msikilizaji aweza kudhani twasimulia habari za jogoo.

Wako katika wao wasemao kwamba fimbo hii ni urithi usiokatika tangu zama za kabla ya Ukristo. Imetupasa kuyapima maneno hayo. Aliyeitangaza dini hiyo ni Gerald Gardner (1884–1964), aliyekuwa afisa wa forodha huko Malaya. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa Uingereza mwaka 1951, na mwaka 1954 Gardner akatoa kitabu akidai kwamba aliikuta dini ya kale ingali hai. Dibaji yake iliandikwa na Margaret Murray, ambaye tangu 1921 alishikilia kwamba waliohukumiwa kwa uchawi huko Ulaya walikuwa waumini wa dini moja ya siri. Wanahistoria wameyakataa madai hayo, na Ronald Hutton, katika kitabu chake cha 1999, ameonyesha kwamba Wika ni kazi ya karne ya 20, iliyoshonwa kwa vitambaa vya zamani.

Kitambaa kimoja ni kitabu kiitwacho Ufunguo wa Sulemani, kilichotolewa kwa Kiingereza na Mathers mwaka 1889. Si cha Sulemani. Nakala zake zilizobaki ni za mwisho wa Zama za Kati na baadaye. Chaamuru kwamba fimbo ikatwe kwa pigo moja, jua likichomoza, siku ya Utaridi, katika chipukizi la mwaka mmoja. Siku ya Utaridi ndiyo Jumatano. Msomaji wa pwani hatastaajabu, kwa kuwa vitabu vya falaki vya Kiarabu navyo huipa Jumatano nyota iyo hiyo; elimu hiyo ilitoka kwa Wayunani, ikawafikia Waarabu na Walatini pia. Kumbe Mwingereza ashikaye kisu alfajiri ya Jumatano yu karibu na mnajimu wa Lamu kuliko makuhani wa kale wa nchi yake mwenyewe.

Tena fimbo ndefu haimo katika vyombo vinane alivyovitaja Gardner. Humo mna upanga, visu, kifimbo kifupi, chetezo na vinginevyo, lakini si fimbo ya kusimama nayo. Hiyo yaonekana kwa Robert Cochrane, aliyefariki mwaka 1966, ambaye kundi lake lilisimika fimbo yenye panda, ya mti uitwao eshi, iliyovikwa chuma chini, ikawa ndiyo madhabahu yao. Wengine huleta ushahidi wa mbali zaidi: waaguzi wanawake wa kaskazini ya Ulaya waliitwa völva, jina litokanalo na neno la fimbo, na huko Klinta katika kisiwa cha Öland fimbo ya namna hiyo imefukuliwa kaburini, ya karne ya 10. Ushahidi huu ni wa kweli. Ila fimbo hiyo ni ya chuma, na kati ya kaburi lile na Cochrane hapana mkono uliopokezana na mkono.

Basi kwa nini imeenea hivi? Twaona sababu ni upweke. Mwanzoni mtu aliingizwa na kundi, akapewa vyombo au kufundishwa kuvitengeneza. Mwaka 1974 Raymond Buckland, aliyeipeleka Wika Marekani, aliandika kitabu kinachomruhusu mtu kujiingiza mwenyewe; mwaka 1988 Scott Cunningham akawaandikia waabuduo peke yao. Asiye na mzee wa kumkabidhi kitu hana shahidi ila kazi ya mikono yake.

Na kazi hiyo si haba. Chipukizi la mwaka mmoja halimchukui mtu, kwa hiyo wachongaji huacha kitabu wakafuata mafundi wa bakora. Hukata wakati wa baridi, utomvu ukiwa umepungua. Hupaka nta kwenye ncha mbili ili mti usipasuke. Huuacha na gome lake kivulini muda wa mwaka au zaidi. Kisha humenya, hulainisha, hutia alama kwa moto au kisu, na kupaka mafuta ya kitani. Kimo hupimwa kwa mwili wa mwenyewe, begani au utosini. Wengi huuomba mti ruhusa kwanza, na hili si la kubuniwa jana: wakulima wa Denmark na wa Lincolnshire waliogopa kukata mti wa elda pasipo kumwomba mama akaaye ndani yake.

Wanaoufuata mfano wa Cochrane wamepata shida mpya. Mwaka 2012 ilitambuliwa Uingereza kuvu iuayo miti ya eshi, na miti mingi imekwisha kukauka. Baadhi yao sasa huchukua heizeli, mti mdogo wa kokwa za kuliwa, ambao ukikatwa shinani huchipua fito nyingi zilizonyoka.