Bustani, misitu na mito ya Nairobi: Mapumziko yaliyopiganiwa

JINA la jiji la Nairobi limetokana na maneno ya lugha ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Kabla ya reli kufika hapa mwaka wa 1899, wafugaji walikuwa wakinywesha mifugo yao katika vijito vya eneo hili. Mji huo ulioanza kama kambi ya wajenzi wa reli ulikuwa na zaidi ya wakazi milioni nne katika sensa ya mwaka wa 2019, na wengi wao huishi katika vyumba visivyo na ua wala kivuli.

Kwa mkazi wa aina hiyo, bustani ya umma si anasa. Ndiko watoto wake wanakokimbia bila kuogopa magari, na ndiko yeye mwenyewe anakopumzisha akili baada ya kazi za wiki nzima. Hata hivyo, maeneo mengi ambayo wakazi hutembelea leo yangekuwa majumba na maegesho ya magari iwapo wananchi wangenyamaza.

Msitu wa Karura

Karura ndio msitu mkubwa zaidi wa matembezi ndani ya jiji. Upo kaskazini mwa katikati ya jiji, baina ya Barabara ya Limuru na ile ya Kiambu, na ukubwa wake ni takriban hekta 1,000. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932, enzi za ukoloni.

Mgeni anaweza kutembea kwa miguu, kukimbia au kuendesha baiskeli katika njia zenye urefu wa makumi ya kilomita. Humo mna maporomoko ya maji, ziwa dogo, na mapango yanayosemekana kuwa yalikuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Kima na mbega huonekana wakiruka kutoka mti hadi mti.

Katika miaka ya tisini, sehemu za msitu huo ziligawiwa watu binafsi kwa njia za siri. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la Green Belt, aliongoza upinzani dhidi ya unyakuzi huo. Mnamo Januari 8, 1999, yeye na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti Karura. Tukio hilo liliamsha ghadhabu nchini na ng'ambo. Mwaka wa 2004 alituzwa Tuzo ya Nobel ya Amani, na akaaga dunia mwaka wa 2011.

Hata baada ya msitu kunusurika, watu waliendelea kuuogopa kutokana na visa vya wizi na mauaji. Hali ilibadilika baada ya wakazi kuunda chama cha marafiki wa Karura mwaka wa 2009, kikashirikiana na Shirika la Huduma za Misitu (KFS) kuweka ua wa umeme, walinzi na kiingilio. Hapo ndipo familia zilipoanza kumiminika. Ushirikiano huo haukukosa misukosuko. Mwaka wa 2025 ulizuka mvutano mkali kuhusu akaunti ambayo ada za wageni zingelipwa, na suala hilo likafikishwa mahakamani.

Uhuru Park na Jeevanjee

Uhuru Park ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka wa 1969. Kwa miaka mingi, kabwela aliyeshuka kwenye matatu Jumapili alijua kwamba hapo angepata nyasi za kulalia na ziwa la kupandia mashua bila kutumia pesa nyingi.

Mwaka wa 1989, serikali ya chama kimoja ilipanga kujenga jumba la orofa 60 ndani ya bustani hiyo. Profesa Maathai alipopinga, alitusiwa bungeni, lakini wafadhili wa kigeni waliingiwa na baridi na mradi ukafa. Katika kona ya bustani hiyo, mwaka wa 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walisusia chakula wakidai wana wao waachiliwe huru. Na hapo hapo, mnamo Agosti 27, 2010, Katiba mpya ilizinduliwa.

Mwaka wa 2019, mpango wa ujenzi wa barabara ya juu ulitishia kumega kipande cha bustani hiyo. Wananchi walipaza sauti, nayo ramani ikabadilishwa. Mwaka wa 2021 bustani ilifungwa ili ikarabatiwe, na wakazi wakakaa zaidi ya mwaka mmoja wakiitazama kutoka nje ya ua.

Jeevanjee, iliyo katikati ya jiji, ni ndogo lakini ina historia ndefu. Mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliitoa kwa wakazi mnamo 1906. Mwaka wa 1991 mpango wa kujenga maegesho ya magari hapo ulipingwa na kuachwa. Hadi leo ni mahali pa wahubiri, wabishi wa siasa na wanaotafuta benchi tu.

Arboretum na City Park

Arboretum ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kufanyia majaribio miti ya kigeni ambayo ingetoa kuni za garimoshi. Majaribio hayo yaliacha hazina ya mamia ya aina za miti katika hekta 30 hivi, karibu na Ikulu. Wanafunzi hujisomea humo, vikundi vya maombi hukusanyika, na wakimbiaji hufika alfajiri.

City Park, katika mtaa wa Parklands, ni kipande cha msitu wa kiasili. Humo amezikwa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, na katika makaburi yaliyo humo amelala pia Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa mwaka wa 1965.

Mito bado yalia

Mito mikuu ya jiji ni Nairobi, Ngong na Mathare. Maji yake huingia katika Mto Athi, ambao huteremka hadi kuitwa Galana na Sabaki, kisha kumwaga maji baharini karibu na Malindi. Kwa hivyo, uchafu unaotupwa Nairobi haukomei Nairobi.

Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 kama hifadhi ya maji ya dharura, liliwahi kuwa mahali pa mashindano ya mashua za tanga. Majitaka na magugu-maji yalilifunika. Kwa upande mwingine, juhudi za aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, zilionyesha kwamba ukingo wa mto uliokuwa jaa unaweza kugeuzwa bustani. Bustani iliyopewa jina lake, karibu na mzunguko wa Globe, ilikarabatiwa mwaka wa 2020.

Baada ya mafuriko ya mwaka wa 2024, serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa kando ya mito, na maelfu ya maskini wakaachwa bila makao. Swali linalobaki ni iwapo ardhi hiyo itakuwa ya umma kweli, ama itaangukia mikononi mwa mabwanyenye.

Haki na wajibu

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi. Jedwali la Nne nalo limezikabidhi serikali za kaunti jukumu la bustani na vifaa vya burudani. Mwananchi anayeona ua umewekwa usiku katika bustani ana msingi wa kisheria wa kuuliza.

Anayezuru maeneo haya naye ana wajibu. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga zilizohifadhiwa. Asiwalishe kima, kwani huzoea na kugeuka wanyang'anyi. Atembee na wenzake, azingatie saa za kufungwa, na aondoke na taka zake.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika bustani za Nairobi, ukuta huo ukijengwa huwa vigumu mno kuubomoa.