Dhahabu ya Kakamega na Ardhi ya Kibera

Wakazi wengi wa Kawangware na Kibera waliotoka Magharibi ya Kenya, waendapo kwao, hufika Kakamega, mji uliovuma kwa dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1931. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika ardhi ya rizavu milele. Mwishoni mwa 1932 sheria hiyo ilirekebishwa, wachimbaji wakapewa ardhi pasipo wenyeji kufidiwa ardhi nyingine. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952.

Kibera nayo, zaidi ya ekari 4,000, ilitengewa askari Wanubi mwaka 1918, bila hati. Jamii yao ilipata hati mwaka 2017, ya ekari 288 tu.

Historia hizi mbili zadhihirisha kuwa ahadi ya mtawala hudumu maadamu ardhi yenyewe haijatamaniwa.