Mtalii ni Msomaji

Neno mtalii tumelishusha hadhi. Ukilitaja leo, msikilizaji huona kofia pana, kamera shingoni na gari lililofunguliwa paa. Lakini talii limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusoma na kudurusu, na ndugu yake wa tumbo moja ni mtalaa, neno la darasani. Waarabu wenyewe mtu huyu humwita saih. Sisi ndio tuliochukua kitenzi cha kusoma tukamvika anayezunguka miji ya watu, na tulifanya jambo la busara. Basi aliyekaa Mji Mkongwe siku tatu, akaondoka bila kuuliza kisa hata cha mlango mmoja, hakutalii. Alipita.

Safari nalo lilikwenda mbali likarudi limekonda. Wanazuoni wa Kiarabu hulihusisha na kufunua, kwa kuwa safari humfunua mtu tabia. Waswahili tukalipanua hata likahesabu nyakati: “Safari hii hunipati!” Wageni wakaliazima, wakaliingiza mbugani, na sasa tunatangaziwa kana kwamba halina maana ila simba na tembo. Anayepanda basi kwenda kuzika Tanga yumo safarini sawasawa na aliyeko Serengeti.

Kuzuru kuna adabu. Wakati wa Maulidi ya Lamu watu huenda ziara kwenye kaburi la mwanazuoni Habib Saleh: wanamwendea mwenyewe, ingawa mwenyewe amelala. Sema “kuzuru kaburi”, sikio litatulia. Sema “kutalii kaburi”, litakwaruzwa.

Mvumbuzi ni neno la kuangaliwa kwa jicho kali. Tuliambiwa Mwingereza Speke alivumbua Ziwa Viktoria mwaka 1858, na hali wavuvi walikuwa wakitupa nyavu humo tangu enzi za mababu zao. Baadaye vitabu vyetu vya historia vikachagua wapelelezi. Nalitetea neno hilo. Mpelelezi naye huisoma nyumba ya watu, ila huisoma ili amwonyeshe mwingine pa kuingilia.

Kivutio silipendi. Kuvuta ni kazi ya sumaku na chambo. Kilwa Kisiwani, alikofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, watu walijenga ili waswali, wafanye biashara na kulea watoto wao, na leo magofu yao tunayaita vivutio! Ningesema mahali pa kisa, ili anayefika awe na la kuuliza: kisa gani?

Na wa kumjibu? Tunamwita mwongoza watalii. Jina halina kosa, ila ni refu, tena halikumbuki kitu. Misafara ya bara ilikuwa na kirangozi, aliyetangulia na bendera kwa kuwa njia aliijua. Kirangozi bado limo kwenye kamusi, linangoja kuitwa. Kijana anayewapitisha wageni katika vichochoro vya Bagamoyo, mji ilikoanzia misafara hiyo, analistahili.

Yabaki maandishi ya safari yenyewe. Fasihi ya safari linafaa chuoni, lakini lina ubaridi. Salim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia mwaka 1896, na simulizi yake ikatoka mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Martin Kayamba naye kitabu chake cha mwaka 1932 alikiita Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Ona hiyo tu- ya mwanzo: anayesimulia hakwenda peke yake, na anaporudi ana watu wa kuwapa hesabu. Jina ninalopendekeza limo vinywani mwetu kila mgeni anapotua mzigo: habari za safari. Ni salamu, nayo ni swali linalohitaji jibu refu kuliko “nzuri”.

Kwenu watunga kamusi nina ombi moja. Katika toleo lijalo, chini ya mtalii, msiandike tu mtu anayetembelea mahali kwa starehe. Tangulizeni maana ya kusoma.