Baruti na Mvua katika Bonde la Ufa

Habari za misafara iliyotoka pwani kwenda bara katika karne ya 19 husimuliwa mara nyingi kana kwamba mtu mwenye bunduki hakuwa na la kuogopa. Labda huko Pangani au Mombasa maneno hayo yalikaribia kuwa kweli. Lakini msafara ulioikata nyika ukafika Naivasha na Nakuru uliingia katika nchi ya namna nyingine. Hapo sakafu ya Bonde la Ufa iko juu ya bahari kiasi cha futi 6,000, na kingo zake huinuka zaidi: Kinangop upande wa mashariki, na Mau upande wa magharibi, ambayo vilele vyake hukaribia futi 10,000. Asubuhi ukungu hutanda, umande hulowesha nguo mpaka kiunoni, na wakati wa masika mvua ya mawe si jambo la ajabu. Katika nchi hiyo bunduki iliyolia vizuri pwani iliweza kugeuka kuwa gongo la mti na chuma.

Ili kufahamu sababu, yafaa kwanza tulitazame gobore lenyewe. Gobore ni bunduki ipakiwayo kwa mdomoni. Mwenyewe humimina baruti katika kasiba, hutia kizibo cha kitambaa au majani makavu na risasi, kisha hushindilia kwa mdeki. Baruti hiyo nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na sehemu iliyo kubwa, karibu robo tatu, ni shura. Haiwaki mpaka ifikiwe na moto, na moto huo hutoka nje ya kasiba, kupitia tundu dogo lililotobolewa ubavuni. Mambo yote hutegemea tundu hilo. Risasi yaweza kuwa njema, na mpigaji hodari, lakini tundu likiziba au cheche ikifa njiani, mnyama huenda zake.

Katika bunduki ya gumegume cheche ilitokana na jiwe lililogonga bamba la chuma, ikaangukia baruti kidogo iliyowekwa katika kibakuli kiitwacho kifa. Kifa kilikuwa na kifuniko, lakini kifuniko hicho kilifunguka palepale jiwe lilipogonga, na tone moja la mvua lilitosha kuharibu kazi. Tena jiwe lenyewe lilichakaa na kuhitaji kubadilishwa. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Nchi ya Naivasha, Eburru na Elmenteita imejaa vipande vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, ambalo watu wa kale walilichonga visu na vichwa vya mikuki maelfu ya miaka kabla ya chuma kujulikana huku. Mtu angedhani kwamba hapo ndipo penye mawe ya gumegume. Sivyo. Jiwe hilo ni kioo cha volkano, ni laini kuliko chuma kilichotiwa ugumu, na likigongwa huvunjika badala ya kutoa cheche za kutosha. Mwenye bunduki ya gumegume alitembea juu ya mawe makali bila kupata hata moja la kumfaa.

Dawa ya udhaifu huo ilibuniwa na kasisi mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyependa kuwinda ndege. Aliudhika kwamba ndege waliuona mwako wa kifa wakaruka kabla risasi haijawafikia. Mwaka 1807 alipata hati ya serikali kwa mtambo uliotumia unga mkali uwakao kwa kugongwa tu, bila cheche ya jiwe. Baadaye unga huo ulitiwa katika kikombe kidogo cha shaba, nacho ndicho fataki: huvishwa juu ya kichuchu cha chuma chenye tundu, nyundo hukigonga, na moto hupita ndani moja kwa moja. Mwaka 1834 huko Woolwich, Uingereza, bunduki za namna zote mbili zilijaribiwa, kila namna mara 6,000. Zile za jiwe zilikataa kulia mara 922, na zile za fataki mara 36. Miaka saba baadaye, katika vita vya Waingereza na Wachina karibu na Canton, kikosi cha askari wa Kihindi kilinaswa katika dhoruba, bunduki zao za jiwe zikawa bubu, wakazungukwa. Waliookolewa waliokolewa na askari wa majini waliokuja na bunduki za fataki katika mvua ile ile.

Turudi sasa bondeni. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipita nchi hii akifuatana na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani, ambaye miaka michache baadaye alikwenda tena bara pamoja na Teleki na von Höhnel. Misafara ya namna hiyo ilikuwa na mamia ya watu, na kati ya Naivasha na Baringo mashamba yalikuwa haba. Nafaka ilipatikana Njemps, kusini ya Ziwa Baringo, wala si kila msimu. Basi chakula cha watu kilitegemea sana nyama ya pundamilia na nyati, na nyama ilitegemea fataki kavu. Ukingoni mwa Kinangop watu wa pwani walipaita mahali pamoja Mianzini, kwa sababu ya msitu wa mianzi. Hapo Thomson alilala mgonjwa wiki kadhaa mwanzoni mwa mwaka 1884, katika baridi kali.

Baridi peke yake haizuii baruti kuwaka. Adui ni maji, nayo huja kwa njia ambazo mgeni hazifikirii. Bunduki iliyolala nje usiku wa baridi, ikiletwa karibu na moto hema likiwa na mvuke wa watu na vyungu, hutoka jasho kama mtungi, na jasho hilo huingia katika tundu. Masizi ya baruti iliyokwisha kupigwa ni mabaya zaidi, maana huvuta unyevu hewani. Kasiba isiyooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa huwa na tope jeusi kesho yake. Kwa hiyo mwenye gobore stadi, popote duniani, alikuwa na desturi zake. Baruti aliiweka katika pembe yenye kizibo. Mdomo wa kasiba aliuziba, mtambo akaufunika kwa ngozi, na mahali fataki ilipokutana na kichuchu alipaka nta au mafuta. Kabla ya kupakia alipiga fataki moja tupu ili moto ulisafishe tundu. Hata hivyo, mara nyingine bunduki ilisita: fataki ililia, kimya kikapita, kisha mlio ukaja wakati mwindaji amekwisha kuishusha. Watu waliumia kwa namna hiyo.

Wenyeji wa misitu ya Mau, Waokiek, ambao watu wa pwani waliwaita Wandorobo, waliwinda katika mvua hiyo hiyo kwa mikuki, mitego na mishale ya sumu. Wao pia iliwapasa kuhifadhi vitu vyao visilowe. Sumu ya msunguti, iliyochemshwa mpaka ikawa nzito kama lami, hufungiwa ukanda wa ngozi laini usioondolewa ila mshale unapotaka kutumika. Ndovu wengi ambao pembe zao zilipelekwa pwani kwa vichwa vya wapagazi waliuawa na watu hao. Msafara wenye bunduki mamia ulinunua pembe kwa mwenye upinde, na ulilipa hongo ya shanga na senyenge kwa wenye mikuki.

Mataifa ya Ulaya yaliyajua mambo hayo vizuri. Katika mkataba uliotiwa saini Brussels tarehe 2 Julai 1890 yalikataza kuingizwa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini, na sababu iliyotajwa ilikuwa kuzuia biashara ya watumwa. Lakini kifungu cha 9 kiliruhusu namna moja ya bunduki iendelee kuuzwa kwa masharti: bunduki ya gumegume yenye kasiba isiyochongwa mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani, miaka zaidi ya hamsini baada ya majaribio ya Woolwich, mnunuzi wa Kiafrika aliachiwa ile iliyokataa mara moja katika kila mara sita au saba, hata mvua isiponyesha. Askari wa serikali mpya, waliokuja bondeni katika miaka ile, walichukua Snider na Martini-Henry, zipakiwazo nyuma, ambazo baruti na fataki yake zimefungwa pamoja katika ganda la shaba. Mvua ya Mau haikuzidhuru. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na Kisumu mwaka uliofuata, misafara ikakoma. Gobore likabaki kwa wawindaji wa siri, likifichwa juu ya dari penye moshi wa jiko, mahali pakavu kuliko pote nyumbani.