Kuhesabu askari wa kinga: tumbili, tetrama na chanjo iliyoanguka

Leo naweka mambo ya Linux kando kidogo. Kuna historia moja ya upimaji ambayo naona kila anayeandika programu anafaa kuijua. Inahusu Ukimwi, tumbili, na namba iliyopendeza watu kupita kiasi.

Mwili ukiingiliwa na virusi hutoa seli za kinga ziitwazo CD8, ambazo huua seli zilizoambukizwa. Swali ni je, katika damu hii, ni ngapi zinazokijua kirusi hiki hasa? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la kukisia. Seli zilikuzwa maabara kwa siku nyingi, na zile zilizokataa kukua hazikuhesabiwa.

Mwaka 1996 John Altman, Mark Davis na wenzao walileta tetrama. Seli iliyoambukizwa huonyesha vipande vya kirusi juu yake, vikiwa vimeshikwa na protini maalum. Wao walitengeneza vishikio hivyo pamoja na vipande vyake, wakaviunganisha vinne vinne na kuvitia rangi inayong'aa. Kimoja hunata na kuachia, vinne hung'ang'ania. Changanya na damu, pitisha seli moja moja mbele ya leza, hesabu zinazong'aa. Hiyo ni grep kabisa, jamani! Unatoa neno, unapata mistari.

Mwaka 1998 maabara ya Norman Letvin, Boston, iliitumia kwa tumbili aina ya rhesus wenye SIV, binamu wa HIV. Tetrama moja haifai kila mnyama, kwa hiyo walichaguliwa wenye kishikio kiitwacho Mamu-A*01. Mwaka 1999 kundi hilo likaondoa seli za CD8 kwa tumbili walioambukizwa. Virusi vikapanda kwa kasi, na seli ziliporudi vikashuka.

Basi wengi wakaona kazi iliyobaki ni kuongeza namba. Hata Nairobi chanjo ya kuamsha seli hizi ilianza kujaribiwa mwaka 2001, ingawa ziliamka chache. Mwaka 2002 chanjo ya Merck iliwasaidia tumbili dhidi ya kirusi cha maabara, SHIV 89.6P. Lakini kumbe mtihani ulikuwa rahisi: dhidi ya SIVmac239, kirusi kikali zaidi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalikuwa hafifu. Wakati huo majaribio ya watu, yaitwayo Step, yalikuwa yameshaanza Desemba 2004.

Seli zilihesabiwa, na wengi waliochanjwa walikuwa nazo. Septemba 2007 majaribio yakasimamishwa. Chanjo haikuzuia maambukizi wala haikupunguza virusi, na baadhi ya wanaume waliochanjwa waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa sindano isiyo na chanjo. Hao ni watu waliojitolea, si takwimu.

Mimi sisemi namba ilidanganya. Ilijibu swali ililoulizwa, na hakuna aliyejua kama swali ndilo. Ona kilichofuata Oregon: mwaka 2011 kundi la Louis Picker lilionyesha chanjo nyingine, iliyobebwa na kirusi cha CMV, ambapo takriban nusu ya tumbili waliochanjwa walikandamiza SIV hata baada ya kuambukizwa. Mwaka 2013 ikabainika kwamba seli zao za CD8 hazitumii vishikio vya kawaida. Ukitafuta seli hizo kwa tetrama ile ya Mamu-A*01, grep inarudi mikono mitupu.