Jiwe la Shinkolobwe: dawa ya kansere, na tena chanzo cha kansere

Likasi – Kutoka tarafa ya Panda hadi Shinkolobwe ni kilometa kama 20 tu, upande wa magharibi. Leo ni mahali palipokatazwa. Kwa kijana anayetafuta kobalti, udongo wa kule ni udongo kama mwingine. Lakini jiwe lililotoka pale lilibadilisha kazi ya waganga wa hospitali na vita vya dunia. Historia yake inasaidia pia kujibu swali ambalo jamaa nyingi zinajiuliza mtu wao akipata ugonjwa: kansere inatoka wapi?

Mwaka 1915, Mwingereza Robert Rich Sharp, mtafuta madini wa kampuni Union Minière, aligundua Shinkolobwe mawe mazito yenye rangi za kung'aa. Ilikuwa urani. Wakati ule urani yenyewe haikuwa na bei kubwa. Kilichotafutwa ni radiamu iliyomo ndani yake, kitu cha bei kali kupita dhahabu. Mawe yalipakiwa kwenye treni, kisha kwenye meli, hadi kiwanda cha Olen, Ubelgiji, ambako radiamu ya Katanga ilianza kutolewa mwaka 1922. Bei ya dunia ikashuka. Hospitali za Ulaya zikainunua, waganga wakaiweka karibu na uvimbe wa kansere, na mara nyingi uvimbe ukapungua.

Lakini habari nyingine zilianza kusikika. Huko Marekani, wasichana wa viwandani walipaka rangi ya radiamu kwenye saa ili ziangaze usiku, huku wakichonga ncha ya burashi kwa midomo. Katika miaka ya 1920 mataya yao yalianza kuoza, na wengine walipata kansere ya mifupa. Namna gani kitu kile kile kinaponya huku na kuua kule?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1927. Mtaalamu wa Marekani, Hermann Muller, alipiga nzi wadogo wa matunda kwa mionzi ya eksirei. Watoto wa nzi hao wakazaliwa na macho au mabawa yaliyogeuka. Basi mionzi inabadilisha jeni.

Jeni ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila seli ya mwili. Kuna jeni zinazosema: gawanyika. Kidonda hupona kwa sababu yao. Kuna nyingine zinazosema: basi, simama. Na kuna zile zinazofanya kazi ya fundi, kutengeneza maandishi yakiharibika. Mionzi ikipita inakata maandishi hayo. Mara nyingi fundi anarekebisha, au seli inakufa, na mambo yanaishia hapo. Hatari ni pale seli inapobaki hai na kosa ndani yake. Ikigawanyika, kosa linaingia kwa seli zote zinazotoka kwake. Mwaka 1982 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba katika seli za kansere ya kibofu, herufi moja tu ya jeni moja ilikuwa imegeuka. Agizo la kugawanyika likabaki wazi usiku na mchana, kama lori lililokwama mguu kwenye mafuta.

Kwa kawaida kosa moja halitoshi. Lazima breki nazo ziharibike, na pengine fundi pia. Makosa hayo yanakusanyika miaka kwa miaka, ndiyo sababu kansere nyingi hutokea uzeeni, au muda mrefu baada ya mtu kupatwa na mionzi. Na ndiyo sababu radiamu iliponya: mionzi mingi ikielekezwa kwenye uvimbe, inakata maandishi kiasi kwamba seli za kansere zinashindwa kujitengeneza, zinakufa.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1940, mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma New York tani zaidi ya 1,000 za mawe ya Shinkolobwe. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Urani ya Katanga ikaingia katika kazi ya kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Miongoni mwa waliopona, kansere ya damu iliongezeka baada ya miaka michache tu, na kansere nyingine zikaendelea kutokea kwa makumi ya miaka. Watu kama 120,000 wa Hiroshima na Nagasaki waliandikwa na kufuatwa maisha yao yote. Mengi tunayojua leo juu ya mionzi na kansere yametoka kwao.

Wachimbaji wa Shinkolobwe, waliochagua mawe kwa mikono, hawakuandikwa namna ile. Mwaka 1960 uchimbaji ulifungwa na mashimo yakazibwa kwa beto. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Gécamines ilipoanguka, wachimbaji wa mikono walirudi kutafuta kobalti. Raisi wa Jamhuri alitia sahihi amri ya kufunga mahali pale Januari 2004. Julai mwaka ule ule shimo lilibomoka, watu wasiopungua 8 wakafa.

Si kila kansere inatoka kwa urani. Tumbaku, pombe, virusi fulani na uzee pia vinaharibu jeni. Si uchawi, wala haiambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa. Na kugusa jiwe mara moja hakumaanishi kansere. Hatari kubwa ni kuvuta vumbi na gesi ya radoni ndani ya mashimo siku baada ya siku. Tangu 1879 waganga wa Ujerumani walikwisha kutambua kansere ya mapafu kwa wachimbaji wa Schneeberg, ambako urani imo ndani ya miamba.

Mawe ya kule yasiletwe nyumbani, yasichezewe na watoto. Na yeyote anayekohoa damu, au mwenye uvimbe usioisha, asingoje. Akifika hospitali amwambie munganga kwamba alichimba Shinkolobwe, hata kama ni miaka 20 imepita. Kwa seli, miaka 20 si mingi.