Haki ya Msomaji: Riwaya ya Mauaji ya Mji Mdogo na Miteremko ya Kilimanjaro

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuipima riwaya ya upelelezi kwa mizani ambayo wasomaji wake hawaitumii. Ikishawekwa katika fungu la fasihi pendwa, yaani kazi zinazosomwa kwa wingi na kwa ajili ya burudani, huulizwa imebeba dhamira gani na inaijenga jamii au inaipotosha, ilhali msomaji aliyeinunua kituo cha mabasi ili apitishe safari ya kwenda Moshi huuliza jambo jingine kabisa, nalo ni iwapo mwandishi amemtendea haki kwa kumwekea njiani vidokezo vya kutosha kumtambua muuaji. Makala haya yanadai kwamba swali hilo ni la kihakiki kamili, na kwamba tawi la riwaya hii linalolidai jibu kwa ukali zaidi ni lile la mauaji ya mji mdogo.

Katika tawi hilo kifo hutokea nje ya macho ya msomaji, mpelelezi si askari bali ni mtu wa kawaida mwenye jicho kali na muda wa kutosha, na washukiwa wote ni watu wanaosalimiana kila asubuhi. Agatha Christie wa Uingereza alilipa sura inayojulikana zaidi alipomweka Miss Marple, bibi mzee wa kijiji cha St. Mary Mead, katika riwaya yake ya mwaka 1930. Wasomaji wake hawakuwa wapole. Riwaya ya The Murder of Roger Ackroyd ilipotoka mwaka 1926, wapo waliolalamika kwamba wamechezewa rafu na wapo waliojibu kwamba kila kidokezo kilikuwapo ukurasani, na miaka mitatu baadaye Ronald Knox, padri wa Kikatoliki aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi hizi, alitoa kanuni kumi ambazo kiini chake ni kwamba msomaji asifichwe kile anachokijua mpelelezi. Lalamiko jingine, kwamba haiwezekani kijiji kimoja kikazaa maiti nyingi kiasi hicho, ni la kweli ila ni jepesi, kwa kuwa hakuna anayesoma riwaya hizi kama takwimu za polisi.

Kwa Kiswahili, aliye karibu zaidi na tawi hili ni Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, inampambanisha mpelelezi huyo na jamii ambayo iko tayari kuuachia mzimu lawama za mauaji, naye hushinda kwa kusikiliza na kulinganisha maneno ya watu, si kwa bastola. Katika baadhi ya riwaya zilizofuata, kama Duniani Kuna Watu ya mwaka 1973, fumbo limekaa zaidi katika nasaba, nani ni mtoto wa nani, kuliko katika silaha. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, waliokuja kupendwa mno baadaye, ni watu wa jiji, ndege na magenge, na umaarufu wao ndio uliowafanya wengi waamini kwamba upelelezi wa Kiswahili ni lazima uwe na risasi.

Miteremko ya Kilimanjaro inaonyesha kwa nini imani hiyo ni finyu. Ardhi ya huko imegawanyika katika vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa ambamo watu huishi na kuzikwa, na kwa mila mtoto wa kiume wa kwanza hupewa kihamba chake, wa mwisho hurithi nyumba ya baba, huku wa katikati wakiachwa wajitafutie. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi uhaba wa ardhi ulivyoigeuza mila hiyo kuwa chanzo cha magomvi ya muda mrefu baina ya ndugu. Kwa hiyo sababu ya kuua haihitaji kubuniwa. Wala mwandishi hahitaji kisiwa wala theluji ili awafungie washukiwa mahali pamoja, kwani kila Desemba wana wa ukoo waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hupanda mlimani kwa Krismasi kwa hiari yao.

Vidokezo navyo viko tele, na thamani yake ni kwamba msomaji wa Marangu au Kibosho anaweza kuvisoma kabla ya mpelelezi. Mifongo, yaani mifereji ya asili inayoteremsha maji ya mlimani hadi mashambani, hugawa maji kwa zamu zinazojulikana na majirani. Mtu anayeapa kwamba alilala mapema usiku wa zamu yake, na migomba yake imekutwa imelowa hadi mashinani, ameshajifunga mwenyewe. Jani la isale, ambalo kwa mila hupelekwa kuomba msamaha na ambalo anayeletewa hana budi kulipokea, ni kidokezo kikali zaidi, kwa kuwa aliyelipeleka katika nyumba ya marehemu kabla hajashutumiwa na yeyote amekiri jambo ambalo hajaulizwa. Hata mbege, yaani pombe ya ndizi ya huko, ina ushahidi wake, maana mwenyeji hutarajiwa kuionja kabla ya kuwapa wageni, na aliyekwepa kuonja huonekana na kilabu kizima.

Inaweza kupingwa kwamba kuyafanya mauaji ya ndugu kuwa chemshabongo ni kuyapunguzia uzito. Hoja hiyo ina nguvu pale tu marehemu anapokuwa mzigo wa kuanzishia hadithi, asiyeliliwa na mtu, na wasomaji wenyewe huligundua kosa hilo mapema kuliko wahakiki. Matanga yaliyoandikwa vizuri, pamoja na nani aliyekaa wapi na nani aliyekosekana, hutimiza kazi mbili, kumheshimu marehemu na kumwelekeza msomaji kwa muuaji.

Mhakiki atakayeiandikia tena riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, iwe ya Unguja, ya Moshi au ya Dar es Salaam, na aanze kwa kuonyesha ukurasa ambao kidokezo kiliwekwa, na kama ukurasa huo haupo, aseme wazi kwamba riwaya imeshindwa.